Dokta Aliyetuchagulia Ng'ombe

Kwa miaka yote tuliyojuana, Dokta hakuwahi kuingia buchani kwangu. Duka lake lilikuwa Mtaa wa Narung'ombe, bucha yangu ipo kona ya pili, na kila asubuhi alipita kwa miguu akitokea kwao Kisutu, mwavuli mkononi, masika na kiangazi. Akikaribia bucha alivuka barabara, akapita upande wa pili, akaninyooshea mwavuli kunisalimu, kisha akavuka tena mbele. Akiwa na neno na mimi alisimama palepale ng'ambo, kati ya mikokoteni na wauza mitumba, akasubiri. Nami nilinawa mikono, nikavua aproni, nikamfuata.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

Wageni wa mtaa waliona ni dharau. Haikuwa dharau. Yeye ni Mhindu, kwao nyama ya ng'ombe hailiwi, na mimi ni binti wa Kiislamu niliyerithi bucha ya baba yangu. Kila mmoja alijua mwenzake anasimama wapi. Idi ikifika aliniletea sahani ya vitamu vya maziwa vilivyopikwa na mkewe, na Diwali nami nilimpelekea tende. Hatukuwahi kuhubiriana.

Kilichowashangaza watu ni kingine. Mzee huyu asiyeweza kupita mbele ya paja lililoning'inizwa ndiye aliyekuwa akiulizwa na nusu ya mji habari za ng'ombe wa nyama. Mtu akistaafu kazi, akawa na eneo lake Chalinze au Bagamoyo na kichwani ana ndoto ya ranchi ndogo, aliambiwa nenda Kariakoo, uliza duka la Dokta. Udokta wake haukuwa wa mtaani. Alikuwa daktari wa mifugo kwelikweli, mtumishi wa serikali aliyezunguka ranchi za bara tangu ujana mpaka nywele zikawa nyeupe. Alirudi Dar kaka yake alipofariki na duka likakosa mtu. Ndiyo maana aliongea Kiswahili cha sehemu nyingi. Akikasirika aliongea kama Mgogo, akicheka kama mtu wa Kariakoo.

Duka lenyewe lilikuwa jembamba kama korido. Dawa za kuogeshea, dawa za minyoo, mabomba ya kupulizia, kamba, mawe ya chumvi, makoleo ya kuhasia. Harufu ya dawa ya kupe ilikushika nguo ukarudi nayo nyumbani. Ukutani kulikuwa na kalenda ya miaka mingi iliyopita ambayo hakuitoa, yenye picha ya ng'ombe mwekundu wa Gujarati, paji la uso limevimba kama boga na masikio yananing'inia mpaka mashavuni. Ng'ombe huyo Dokta alimpenda mno. Wateja walimwonyeshea kidole wakasema, Dokta, mimi nataka mbegu ile. Yeye alikataa bila kugeuka. Yule ni wangu, aliwaambia, na ni wa ukutani. Mapenzi ni mapenzi, malisho ni malisho.

Alikuwa na misemo ya namna hiyo, na mingi aliitunga papo hapo. Kijana akimwekea simu usoni kumwonyesha video ya madume ya Ulaya, meupe, mgongo mpana kama meza, alitazama mpaka mwisho kwa adabu, halafu akamwambia kwamba ng'ombe wa kwenye simu hali nyasi. Mwingine akisema amependa umbo la ng'ombe fulani, alijibiwa asioe picha. Swali lake la kwanza halikuwa unataka mbegu gani. Lilikuwa, maji yako wapi, na kiangazi yanakuwa wapi. Wengi hawakujua tofauti ya maswali hayo mawili, wakarudi makwao kuitafuta.

Kwa biashara alikuwa mtu wa hasara. Nilimshuhudia akimnyima dawa mteja aliyekuja na noti mkononi, kwa sababu maelezo yake ya mgonjwa hayakumwingia akilini. Alimwambia akamwangalie tena mnyama, amwangalie macho na mavi, ndipo arudi. Mteja alivuka barabara akanunua kwa jirani. Mke wa Dokta, mama mpole aliyekaa nyuma ya droo ya fedha akikaanga njugu kwenye jiko la umeme, alisema kwa sauti ya kusikika na watu wote kwamba mume wake anaendesha hekalu la ng'ombe, siyo duka. Dokta alicheka, lakini hakubadilika.

Tena alikuwa na hasira. Alinyamaza kwa mambo makubwa, akawaka kwa madogo. Mtu akimpiga ng'ombe kwa fimbo mbele yake, umri wote ulimtoka. Siku moja lori la ng'ombe lilikwama kwenye foleni ya Msimbazi juani, na utingo akawa anawachoma kwa mti ili wasilale. Dokta alitoka dukani na mwavuli, akapanda tairi, akaunyakua ule mti na kuuvunja gotini. Watu wa sokoni walipiga vigelegele. Aliporudi, mkewe akampa maji.

Mimi nilimjua vizuri zaidi baba alipofariki na kutuachia, pamoja na bucha, eneo lake la upande wa Ruvu. Tulikuwa wawili tu, mimi na kaka yangu, ambaye kazi yake ni wakala wa kutoa mizigo bandarini. Baba alikuwa amelinunua eneo lile pole pole, akilitamani liwe na ng'ombe wa kwetu wenyewe ili bucha isitegemee madalali. Alikufa hajaweka hata mmoja. Serikali ya kijiji ikatuita na kutueleza kwa upole kwamba ardhi isiyoendelezwa haiwezi kulala hivyo milele, wapo wanaoihitaji. Tulikuwa na nafasi moja. Alichotuachia baba kingetosha kuanzisha kundi mara moja, na kundi likifa, eneo lingeuzwa. Hilo tulilijua sote wawili.

Kaka yangu ni mtu wa vitu vikubwa. Kila siku anaona makontena yakishushwa, na nadhani ukubwa umemwingia damuni. Alikuwa ameshachagua mbegu yake, ya Ulaya, mnyama mmoja akiwa na uzito wa wawili wa kwetu. Alikuwa ameshaongea na mtu wa kuwaleta. Mimi nilimwomba kitu kimoja tu, kwanza twende kwa Dokta.

Dokta hakujibu dukani. Alitaka kuliona eneo. Tulienda Jumapili, yeye akiwa amekaa mbele na mfuko wa nguo mapajani. Kule alitembea mpaka mtoni na kurudi. Aling'oa majani akayanusa, akafikicha udongo, akavua kupe kwenye suruali yake na kumtazama kwa muda mrefu kama anayesoma. Kisha akatuambia tununue majike wa kienyeji, wale wafupi wa mnadani, tuchague wenye nyonga pana na kwato nzima, halafu tuwatafutie dume mmoja mzuri wa Borani, mbegu kubwa ya nyama iliyozoea ukame. Ndama watakaozaliwa watakuwa wakubwa kuliko mama zao, na watakuwa wamerithi ngozi ya hapahapa. Baada ya miaka tutachagua mitamba bora, majike wachanga wasiojazaa, tuendelee nao.

Kaka alikasirika. Alisema hakutoka mjini na mafuta ya gari kuja kuambiwa anunue ng'ombe ambao kila mtu anao.

Dokta alifungua ule mfuko. Ndani kulikuwa na makoti mawili mazito ya sufu, ya siku zake za Nyanda za Juu Kusini. Ilikuwa kama saa saba mchana. Alivaa moja, akafunga vifungo vyote, akamnyooshea kaka la pili.

"Dume wa Ulaya amezaliwa nalo hili, na hana vifungo vya kufungua," alisema. "Twende mtoni tukanywe maji, halafu turudi."

Kaka angeweza kukataa. Lakini atakataaje, mzee wa zaidi ya miaka sabini ameshavaa? Wakaondoka wawili, mimi nikawafuata kwa nyuma na mwavuli nisiothubutu kuufungua. Hawakufika mtoni. Njiani kaka alisimama chini ya mgunga, akalegeza koti, akavua, akakaa chini. Dokta naye alikaa, uso mwekundu, jasho likimchuruzika kwenye ndevu. Nikamuuliza kwa nini na yeye ajitese. Alisema hawezi kumwambia mtu avae kitu ambacho yeye mwenyewe hakivai.

Tulinunua majike wafupi. Kaka aliridhia kwa mdomo, moyoni bado. Kila alipopita zizini aliwaita mbuzi wakubwa.

Sasa niseme na hili, maana wanaomsifu Dokta hulisahau, na yeye mwenyewe hapendi lisahauliwe. Dume wa kwanza alituchagulia yeye, na alikosea. Tulienda naye kwa mfugaji mmoja, akatutolea madume watatu. Mmoja alikuwa mzuri wa kutisha, nundu imesimama kama kilemba, shingo nene, anatembea kama anajua anatazamwa. Dokta alimzunguka mara kadhaa macho yakimng'aa, akasema huyu. Tukampeleka shambani. Miezi ikapita, majike wakawa wanarudi kwenye joto mmoja baada ya mwingine. Dume alikuwa anapanda vizuri, lakini mbegu hana.

Nilivuka barabara kumwambia Dokta. Alinisikiliza amesimama, kisha akaketi juu ya ndoo ya dawa.

"Kila dume hupimwa kabla ya kununuliwa," alisema. "Wateja wote nimewaambia hivyo. Huyu sikumpima. Niliona nundu." Akaitazama kalenda ukutani. "Nami nilioa picha, mwanangu."

Hakuishia hapo. Kesho yake alifunga duka, jambo ambalo hata homa haikuwahi kumfanya alifanye, akaenda kwa yule mfugaji mwenyewe, akasimamia dume abadilishwe na mwingine, safari hii amepimwa. Huyu wa pili hakuwa na sura. Alikuwa na kovu puani na nundu iliyolala upande. Ndama wake ndio waliotufanya tuwe tulivyo. Na kila mteja aliyeingia dukani tangu siku ile kuulizia dume, Dokta alimsimulia kosa lake mwanzo mpaka mwisho, bila kulipunguza. Nimemwona akimsimulia mtu aliyekuja kununua kamba tu.

Halafu ukaja ule ukame. Vuli haikunyesha, masika yakaja kwa kuonja, Ruvu ikashuka mpaka mawe ya chini yakaonekana. Mjini kulikuwa na mgao wa maji, Kariakoo madumu yakawa mengi kuliko wateja, na buchani nilikuwa naoshea visu kwa kata. Watu wote walikuwa wanasema itanyesha. Dokta akasimama ng'ambo ya barabara asubuhi moja, akanisubiri, akaniambia tupunguze kundi wiki ileile. Tuondoe madume wadogo wote na majike wasio na mimba, waende machinjioni wakiwa bado na nyama. Tusingoje mifupa.

Nilikuwa nimechoka, na labda ndiyo maana nilimuuliza nilichokuwa nimekificha miaka yote. Nilimuuliza inakuwaje mtu kama yeye, ambaye kwao ng'ombe anaheshimiwa vile, anaweza kusimama pale na kuniambia nani wachinjwe.

Hakukasirika. Aliangalia chini, mwavuli umechomekwa kwenye ufa wa lami.

"Mimi siwezi kuuzuia mji huu usile nyama," alisema. "Nilijaribu kulifikiria hilo nikiwa kijana, nikaona nitakuwa mwendawazimu. Lakini ng'ombe atakayechinjwa kesho, leo ana kiu. Leo ana joto, ana kupe, ana njaa. Ukimleta mahali ambapo mwili wake haukuumbiwa, umemchinja tangu siku ya kwanza, na unamchinja pole pole. Hiyo ndiyo ninayoweza kuizuia. Mbegu sahihi mahali sahihi. Basi."

Baadaye akaongeza kwamba nyumbani kwake huwasha taa ya ibada asubuhi kwa ajili ya ng'ombe wote, wanaoishi na waliokwenda. Nikarudi buchani. Siku ile nilikishika kisu kwa namna nyingine, na bado ninakishika hivyo.

Tulipunguza kundi. Waliobaki walikonda, mbavu unazihesabu ukiwa mbali, lakini walitembea. Walikula majani makavu, wakala na magome, wakafuata maji ya mto mahali yalipohamia. Jirani yetu kule, bwana mmoja wa mjini aliyekuwa ameleta mbegu kubwa ya Ulaya, alianza kupoteza. Wale wanyama walikuwa wazuri, siwezi kusema uongo. Walisimama kivulini wakihema midomo wazi, hawataki kwenda malishoni, na ugonjwa wa kupe ukawamaliza waliobakizwa na njaa. Bwana yule alikuwa amewahi kwenda dukani kwa Dokta, akaonywa, akatoka akicheka.

Dokta alikwenda kwake bila kuitwa. Nilikuwepo. Alichanganya dawa, akachoma sindano, akamwonyesha namna ya kujenga kivuli cha makuti na kuwamwagia maji mgongoni. Jike mmoja aliyekuwa ameshalala, Dokta alimpakata kichwa mapajani na kumnywesha maji kwa chupa mpaka jike alipokata roho. Hakusema hata neno moja kuhusu maonyo. Kaka yangu, aliyekuwa amesimama kando yangu na viatu vyake vya bandarini, alimtazama mzee yule aliyekaa kwenye mavumbi, kisha akageuka akawatazama ng'ombe wetu wafupi wakivuka korongo kwa mstari. Jioni ile, kwenye gari, alisema kwa sauti ya chini kwamba baba angewapenda. Jina la mbuzi wakubwa sikulisikia tena.

Mvua ziliporudi, hakuna jike wetu aliyebaki tasa. Leo bucha haingoji dalali. Eneo ni letu, kwa hati, na kaka ndiye anayewatumia watu picha za ndama kwenye simu kama wengine wanavyotuma picha za wajukuu.

Jengo la Narung'ombe lilibomolewa, siku hizi pale limesimama ghorofa la vioo lenye maduka ya viatu. Dokta hakulalamika. Aligawa dawa zilizobaki, akachukua kalenda yake, akahamia Upanga kwa binti yake, mwalimu wa hesabu. Mkewe ametangulia mbele ya haki. Miguu ya Dokta imeisha nguvu, na presha imemwandama.

Mwezi uliopita nilimwomba binti yake ruhusa, tukampeleka shambani. Nilitaka aone. Tulimweka kwenye kiti karibu na lambo, na kundi likaja kunywa. Ni wekundu, wengine wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai, nundu zao nzito, manyoya yanang'aa. Dokta aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, kama mtu anayesalimiwa na watu wengi.

Siku hiyo walikuwa wamekuja mume na mke kutoka Mlandizi kutafuta dume. Yule mume alipomtambua Dokta alimwendea moja kwa moja, akamwamkia, akamuuliza aanze na mbegu gani.

"Mimi hapa mgeni," Dokta alisema. "Mwenye ng'ombe ni huyu mama. Muulize yeye."

Nikaongea. Niliwauliza kwanza nani kati yao atakuwa analala kule shambani, kwa sababu nimeona makundi mengi yakifa kwa kukosa mwenyewe kuliko kwa kukosa mvua. Wakatazamana. Nikawaeleza niliyoyaona mimi na kaka, makosa na yaliyotuokoa. Dokta alinisikiliza ameinamisha kichwa, na hakuongeza wala kupunguza. Sijui kama nimewahi kujisikia mrefu kama saa ile.

Walipoondoka nikamwonyesha jike mmoja mzee aliyebaki nyuma, anayenywa pole pole, pembe moja imevunjika. Yule alikuwa wa kwanza kununuliwa. Hazai tena, ni wa kwenda bucha tangu mwaka juzi. Nikamwambia huyu haendi, atafia hapa.

Sikutegemea alichofanya. Alikasirika.

"Anakula nyasi za wenzake. Mimi nilikufundisha hivyo?"

"Hapana, Dokta. Hili sikufundishwa."

Yule jike alimaliza kunywa akasogea upande wetu, kwa mazoea ya kutafuta mkono wenye kitu. Dokta aliinua mkono wake kwa shida akauweka kwenye nundu, akasema maneno ya Kigujarati ambayo sikuuliza maana yake. Binti yake aligeuka akatazama lambo.

"Mpe chumvi," aliniambia baadaye. "Jiwe zima, lake peke yake. Wazee tunapenda chumvi."

"Baba, umekatazwa chumvi," binti yake akamkumbusha.

"Nimekatazwa mimi," Dokta alisema, mkono bado juu ya nundu. "Yeye hajakatazwa na mtu."